"Mtwa Wangu": Neno la Soko Katika Vinywa vya Wabatizwa



Kuna neno dogo linalosemwa kila siku katika mkoa wetu wa Tanganyika, toka Moba hadi Nyunzu, toka Kalemie hadi Manono, na hakuna anayeshtuka akilisikia. Mwenye shamba husema, "Batwa wangu watakuja kulima kesho." Mama wa nyumba husema, "Mtwa wetu ameleta kuni." Husemwa bila chuki, pengine hata kwa upole, na ndiyo sababu linapita bila kukaguliwa. Tulikague leo. Tukisema "mwalimu wangu", tuna maana ya mtu anayetufundisha, naye anaweza kujibu "mwanafunzi wangu" bila kukosea. Tukisema "mbuzi wangu", tuna maana ya mali, na mbuzi hana namna ya kulirudisha neno hilo kwetu. Je, mmewahi kumsikia Mtwa akisema "Mluba wangu" au "Mtabwa wangu"? Yeye husema "bwana". Neno lisiloweza kurudi lilikotoka ni neno la umiliki, na umiliki wa mtu juu ya mtu una jina linalojulikana.

Jambo tunalotaka kusema katika tafakari hii ni hili: ubaguzi tunaoupigia kelele tukiuona Ulaya na Marekani unaishi katikati yetu, na sisi wa Moba ni watu wa mwisho wenye haki ya kudai kwamba hatukuambiwa. Imani yetu ililetwa na watu waliohesabu vita dhidi ya utumwa kuwa sehemu ya Injili. Tumeurithi ubatizo wao. Je, tumeirithi na vita yao?

Nchi iliyojua bei ya mtu

Babu wa babu zetu hawakuhitaji kitabu ili kujua utumwa ni nini. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, ziwa letu lilikuwa njia ya misafara. Watu walitekwa Marungu na Manyema, wakavushwa kwa mitumbwi hadi Ujiji, wakaendeshwa kwa miguu hadi Tabora, na wengine hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Majina ya Tippu Tip na Rumaliza yalitetemesha vijiji. Lakini tusijifariji kwa kudhani kwamba kazi hiyo ilikuwa ya wageni peke yao. Lusinga, mtawala mwenye nguvu katika nchi ya Batabwa, naye alivamia vijiji vya jirani zake na kuuza watu. Mara nyingi aliyefunga kamba na aliyefungwa walielewana kwa lugha moja.

Katika hali hiyo ukafika mwaka 1888. Tarehe 5 Mei, Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazil barua ya kulaani utumwa. Siku nane baadaye Brazil ikaufuta kwa sheria. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo, Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alipanda mimbari ya kanisa la Saint-Sulpice mjini Paris, akawaeleza watu wa Ulaya yale ambayo wamisionari wake walikuwa wakiyaona kandokando ya ziwa Tanganyika. Akaenda London, akaenda Brussels, akiwa na ujumbe uleule. Mwaka 1890 Papa aliandika tena, akaagiza sadaka ikusanywe kila mwaka siku ya Epifania kwa ajili ya kazi hiyo.

Maneno ya mimbarini yalipata mikono huku kwetu. Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, alikaa Mpala toka mwaka 1887, kisha Mrumbi, akiwalinda waliokimbia misafara. Wengi wenu mmesikia habari za bunduki yake. Kwa tafakari ya leo, bunduki si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, binti wa nchi hii, kwa ndoa ya Kanisa, akakaa naye, akazaa naye, akazeeka huku, akafa huku mwaka 1927. Hakuja kuwahurumia watu kutoka mbali. Alikuwa mkwe wao.

Ng'ambo ya ziwa, huko Karema, aliishi mtu mwingine wa kukumbukwa. Adrien Atiman alitekwa akiwa mtoto katika nchi za Niger, akauzwa, kisha akakombolewa na wamisionari. Alisomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyewahi kuwa na bei sokoni alitumia maisha yake yote kuwaponya watu ambao hakuwatoza utu wao.

Na hapahapa, tarehe 21 Julai 1917, Askofu Victor Roelens alimpa upadri Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi. Miaka 30 tu kabla ya siku hiyo, kijana kama yeye angeweza kupimwa meno na misuli, akabadilishwa kwa vitambaa. Sasa alisimama altareni, na Wazungu kwa Waafrika wakapiga magoti kupokea baraka ya mikono yake.

Tazameni basi kile ambacho watu hao walikiamini, hata pale ambapo hawakukisema kwa maneno. Ndoa, elimu na altare. Kumtoa mtu katika mnyororo ni mwanzo tu. Anakuwa huru anapoketi mezani pako, anapojua unayoyajua, na anapoweza kukuongoza. Kipimo hicho hawakukibuni wao. Mtume Paulo alipomrudisha Onesimo kwa bwana wake, alimwomba Filemoni ampokee akiwa ndugu mpendwa, kama ambavyo angempokea Paulo mwenyewe. Barua hiyo ni fupi kuliko zote za Paulo, na huenda ndiyo ngumu kuliko zote kuitii.

Pale walipoishia

Hatuwapendi wazee wetu wa imani kwa kuwapaka chokaa. Tuseme na upande wa pili.

Mpala ilianzishwa mwaka 1883 na Luteni Émile Storms, Mbelgiji aliyetumwa na Shirika la Kimataifa la Afrika la Mfalme Léopold II. Mwaka 1884 watu wake walimwua Lusinga, na Storms akalibeba fuvu la kichwa chake hadi Ubelgiji, kama mwindaji abebavyo pembe. Lusinga aliuza watu, hilo hatulifichi. Lakini aliyemwadhibu kwa sababu ya kuwafanya watu kuwa vitu, naye alimfanya mtu kuwa kitu.

Mwaka 1889 na 1890 mataifa yalikutana Brussels kupinga biashara ya watumwa, mwenyeji wao akiwa Léopold yuleyule. Wakati mkutano ule unafungwa, Mmarekani mweusi, George Washington Williams, alikuwa akisafiri katika mto Kongo. Aliyoyaona yalimfanya amwandikie mfalme barua ya wazi, akimshtaki kwamba serikali yake yenyewe inashiriki katika biashara ya watumwa. Williams alifariki mwaka uliofuata, na kilichokuja baadaye ni mpira wa msituni na mikono iliyokatwa. Bendera ya ukombozi ilitumika kufunika minyororo mipya.

Kanisa nalo halikutoka bila doa. Watoto waliokombolewa walilelewa katika vijiji vya misioni, na mara nyingi waliishi chini ya amri ya misioni hata katika mambo ya ndoa na makazi. Kaoze alipewa upadri mwaka 1917. Mkongo wa kwanza kupewa uaskofu, Pierre Kimbondo, alingoja hadi mwaka 1956. Ni miaka 39. Kaoze alikwisha kufa mwaka 1951. Na wakati watoto wa Kapteni Joubert walikaa na baba na mama yao, serikali ya kikoloni iliwanyang'anya akina mama wa Kiafrika maelfu ya watoto waliozaa na Wazungu, ikawaweka katika misioni na makao ya yatima. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi mwaka 2017. Desemba 2024, mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua, katika kesi ya wanawake watano waliotendewa hivyo, kwamba lilikuwa kosa la jinai dhidi ya ubinadamu.

Kwa nini tunayataja haya? Kwa sababu yanafundisha jambo ambalo sifa peke yake haziwezi kulifundisha. Kila mtetezi wa uhuru ana mahali ambapo utetezi wake huishia. Ni rahisi kuuchukia utumwa unaofanywa na mwingine. Ugumu huanza pale ambapo faida ya utumwa huo inaingia jikoni mwako. Watu wa Paris walilia kanisani kwa sababu ya Rumaliza. Wangapi walilia kwa sababu ya mpira wa Léopold? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sasa swali linatugeukia sisi. Utetezi wetu unaishia wapi?

Unaishia kwa Mtwa

Mwaka 1906, mjini New York, Mkongo mmoja aliyeitwa Ota Benga, Mbilikimo kama walivyomwita, aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, watu wakaja kumtazama. Wachungaji weusi wa mji ule walipaza sauti hadi akatolewa. Mwaka 1916 alijiua. Kila kijana wa Kikongo anayeisikia habari hii huchemka damu, na ni haki yake.

Lakini sikilizeni na habari hii ya pili. Julai 2007, mjini Brazzaville, kulikuwa na tamasha kubwa la muziki wa Afrika. Wanamuziki kutoka nchi mbalimbali walilazwa hotelini. Wanamuziki wa Mbilikimo, wakiwemo wanawake na mtoto mchanga, walilazwa katika hema ndani ya bustani ya wanyama. Ilikuwa miaka 101 baada ya Bronx. Safari hii aliyeamua hakuwa Mzungu.

Turudi nyumbani. Katika vijiji vingi vya mkoa wetu, Mtwa hulima shamba la mwingine toka asubuhi, na jioni hupewa unga wa muhogo, chumvi kidogo au chupa ya lutuku. Akidai faranga, huambiwa atazifanyia nini. Ardhi anayoishi juu yake huhesabiwa kuwa ya chifu asiye wa kabila lake, na kiti cha uchifu si chake hata pale ambapo watu wake ni wengi. Mtoto wake hana cheti cha kuzaliwa. Akifika shuleni huchekwa kwa harufu, kwa nguo, kwa jina. Wanaume wa kwetu huwachukua mabinti wa Kitwa bila mahari na bila ndoa, lakini Mtwa akimpenda binti yetu, ukoo mzima husimama na marungu. Kumbukeni ndoa ya Joubert na Atakaye, mwone tumekwenda mbele au tumerudi nyuma.

Hali hiyo ndiyo iliyozaa moto wa miaka ile. Toka mwaka 2013, vita kati ya Batwa na Baluba ilianzia upande wa Manono, ikaenea Nyunzu, Kabalo, Kalemie, na ikagusa Moba. Tarehe 30 Aprili 2015, wapiganaji wa Kiluba walivamia kambi ya Batwa waliokimbilia Nyunzu, wakaua watu wasiopungua 30. Mwaka 2016, huko Kabalo, kodi ambayo Batwa walitozwa kwa ajili ya viwavi wanaookota porini ilitosha kuwasha mapigano mapya. Wapiganaji wa Kitwa nao walichoma vijiji vya Baluba, wakaua, wakabaka. Mamia ya maelfu ya watu waliyaacha makazi yao. Februari 2017 wajumbe wa pande zote walikutana Kalemie kutafuta amani, na baada ya hapo yakaundwa mabaraza ambamo Mtwa na Mluba wanakaa kwa idadi sawa. Tuangalie vizuri maana yake: ilibidi watu wafe kwanza ndipo Mtwa apate kiti cha kukalia mbele ya jirani yake.

Visingizio vinne

Tukiyasema haya katika vikao vya vijana, majibu huwa manne. Tuyapime moja moja.

La kwanza: "Hayo ni mambo ya kabila. Ubaguzi wa rangi ni wa Wazungu." Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kutokomeza ubaguzi wa rangi, uliopitishwa Desemba 1965 na ambao nchi yetu imejiunga nao, hautaji rangi ya ngozi peke yake. Unataja pia ukoo na asili ya kikabila. Mwaka uleule, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikataa ubaguzi wowote wa rangi, taifa, hali au dini, ukisema ni kinyume cha moyo wa Kristo. Msingi wa ubaguzi ni imani kwamba thamani ya mtu imeandikwa katika damu aliyozaliwa nayo. Imani hiyo haihitaji Mzungu ili iwepo.

La pili: "Batwa ni wavivu, hawapendi shule, hawajui kuweka akiba." Vijana, maneno haya si yetu, tumeyaazima. Ni maneno yaleyale ambayo mabwana wa kikoloni waliyasema juu ya baba zetu wote, Mluba na Mtabwa na Mbemba na Mtwa bila kuchagua. Tuliyakataa yaliposemwa juu yetu. Yamekuwaje kweli yanaposemwa juu ya jirani? Tena, mvivu gani huyu anayelima mashamba ya kijiji kizima?

La tatu: "Nao waliua." Ndiyo, waliua, na damu ya Mluba asiye na kosa inamlilia Mungu sawasawa na damu ya Mtwa. Haki idai kila muuaji, wa upande wowote. Lakini kosa la mpiganaji wa Kitwa halimpi mwenye shamba ruhusa ya kumlipa mama wa Kitwa kwa lutuku. Hizo ni hesabu mbili. Anayezichanganya anataka kufuta ya kwake.

La nne husemwa kwa sauti ya chini, nalo ndilo lenye nguvu kuliko yote: "Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu wakiishi." Desturi ni kitu cha kuheshimiwa. Lakini hata biashara ya watumwa ilikuwa desturi katika ziwa hili. Kama wazee waliobatizwa Mpala na Kirungu wangeifuata hoja hiyo, wangeendelea kuuza watu. Ubatizo ni nini, kama si ruhusa ya kuacha desturi inayomdhalilisha mtu?

Moba, Agosti 2007

Mtu asidhani kwamba ugonjwa huu unamgusa Mtwa peke yake. Banyamulenge walikuwa wakiishi katika wilaya yetu, upande wa Vyura, hadi vita vya mwaka 1998 vilipowafanya wakimbie. Mwanzoni mwa Agosti 2007 uvumi ulipita Moba kwamba Umoja wa Mataifa unapanga kuwarudisha wakimbizi wa Kinyamulenge. Umati uliingia barabarani, ukashambulia ofisi za Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada, ukawajeruhi watu. Ulikuwa uvumi tu.

Hatuandiki haya ili kusema kwamba hofu ya watu wetu ilitoka hewani. Vita vya miaka ile viliacha makaburi, na watu waliumizwa na wanajeshi wenye majina na amri walizopewa. Lakini hofu ya jeshi ni jambo moja, na kumhukumu mtoto kwa umbo la pua yake ni jambo jingine. Aliyemtesa shangazi yako ana jina. Umtafute yeye kwa njia ya haki. Bibi kizee aliyezaliwa Vyura na anayetamani kuzikwa karibu na wazazi wake hakukutesa.

Na tuone jinsi dunia inavyoturudishia kipimo chetu. Februari 2023, Rais wa Tunisia alihutubia akiwaelezea Waafrika weusi waliohamia nchini mwake kuwa njama ya kubadilisha watu wa nchi hiyo. Siku zilizofuata, weusi walipigwa na kufukuzwa katika nyumba walizopanga, wakiwemo wanafunzi waliokwenda huko kihalali. Lavigerie alikuwa Askofu Mkuu wa Carthage, katika nchi hiyohiyo. Wakongo nao walikuwa miongoni mwa waliotendewa hivyo. Tulikasirika, tukapeleka ujumbe toka simu hadi simu. Ni hoja gani iliyotumika dhidi yao? "Si wenzetu. Wamekuja wengi. Watachukua nchi." Je, haifanani na iliyosikika Moba?

Uhuru una gharama kwa anayeutetea

Yuko mtu mmoja ambaye historia hii yote imekutana ndani ya damu yake. Albert Joubert alizaliwa Mrumbi mwaka 1908, baba yake Kapteni Joubert, mama yake Agnes Atakaye. Akawa padri. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi, aliuawa huko Fizi, siku moja na wamisionari watatu wa Kiitaliano wa shirika la Waksaveri. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri pamoja nao. Kuna watu ambao wangemwona Mwafrika asiyetimia, na wengine wangemwona Mzungu asiyetimia. Kanisa limemwona shahidi, likamweka altareni. Ni mtoto wa Moba, na anatuombea.

Tukimwomba, tusimwombe atupe hisia nzuri. Tumwombe ujasiri wa kulipa gharama. Lavigerie alichosha mwili wake akisafiri. Joubert aliiacha nchi yake moja kwa moja. Atiman aliacha uwezekano wa kurudi kwao. Ukitetea uhuru usiokugharimu kitu, unajitetea jina tu.

Gharama yetu ni ipi? Haihitaji bunduki wala mimbari ya Paris.

Acheni neno "Mtwa wangu". Mwenye jina aitwe kwa jina. Mzazi akilitumia nyumbani, mjibuni kwa adabu, lakini mjibuni: "Baba, yule anaitwa nani?" Swali hilo litatosha kuanza mazungumzo.

Mwenye shamba akimwita Mtwa kulima, malipo yawe faranga zilezile anazolipwa kijana mwingine kwa kazi ileile, na yalipwe siku ileile. Mtume Yakobo aliandika kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unalia, na kilio chake kimefika masikioni mwa Bwana. Kikundi cha vijana cha parokia kinaweza kusema hadharani kwamba wanachama wake hawatakula chakula cha shamba lililolimwa kwa lutuku.

Angalieni kwaya yenu, kamati yenu, orodha ya wasoma masomo. Yuko Mtwa? Kama hayupo, msiseme kwamba hawaji. Ulizeni ni nani aliyemwalika, na alipokuja alikaa karibu na nani. Tunakomunika Mwili mmoja Jumapili. Ni aibu gani ikiwa baada ya Misa hatunywi katika kikombe kimoja?

Wasaidieni wazazi wa Kitwa kuwaandikisha watoto wao kwa msimamizi wa vitabu vya serikali mara wanapozaliwa. Mtoto asiye na karatasi ni mtu ambaye serikali haijamwona. Tena isomeni sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inayolinda haki za watu wa asili wanaoitwa Pygmées: haki ya ardhi wanayoishi, ya shule, ya matibabu, ya kuheshimiwa desturi zao. Sheria hiyo haitakuja yenyewe kijijini kwa miguu. Itafika ikibebwa na vijana wanaojua kusoma.

Na uvumi ukiingia katika simu yako, ukisema kwamba kabila fulani linakuja kuchukua nchi, usiupeleke mbele. Kidole chako kinaweza kuwa cha kwanza kurusha jiwe.

Kuna watakaowacheka, na kuna watakaowaita wasaliti wa ukoo. Kapteni aliyemwoa Atakaye alisemwa na Wazungu wenzake. Si ajabu ninyi mkisemwa na wenzenu. Lakini siku ile ambayo Mtwa na Mluba, Mtabwa na Mnyamulenge watamsifu Mungu katika benchi moja bila mtu kuhesabu viti, ndipo kazi iliyoanzwa kando ya ziwa hili itakapokuwa imeendelezwa. Kabla ya hapo, kumbukumbu za Mpala na Kirungu ni mawe tu.

Maswali kwa kikao cha kikundi

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni nani tunayemwita "wetu" bila yeye kuwa na uwezo wa kutuita hivyohivyo?

2. Ni kazi gani inayofanywa na Batwa katika familia zetu, na hulipwa nini? Kila mmoja aseme anachokijua, bila kutaja jina la jirani.

3. Kabla ya kikao kijacho, ni familia ipi ya Kitwa ambayo kikundi chetu kitaitembelea, kwa mwaliko wao, na kukubali kula kwao?